Nyota nne kwa kijana wa chati, Ngamiani

Duka lipo Ngamiani, Tanga mjini, barabara ya kumi na tano, kati ya fundi baiskeli na baraza la kahawa. Halina jina. Kibao kimeandikwa kwa mkono: KOPI, KUCHAPA, PASIPOTI, UCHAMBUZI. Hilo neno la mwisho ndilo lililoniingiza ndani, nikidhani ni uchambuzi wa mpira, nimtanie kijana kidogo kuhusu Coastal, timu yetu ya Tanga.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, huku upande wa pwani. Kabla ya hapo nimekaanga samaki miaka kumi na saba. Uenyekiti wenyewe ni muhuri na simu inayolia hata saa nane za usiku. Nasema haya ili anayesoma ajue kwamba sikwenda pale kama msomi. Nilikwenda na rejista za shule zimefungwa kwenye kanga.

Shule yetu ya msingi, sisi wazazi, tulianza kuchangia uji mwezi Julai. Huyu unga, yule sukari, wengine kuni. Mimi nikaona watoto wameongezeka darasani, nikapata wazo: nilipeleke jambo hili kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, WDC kama tunavyoiita, uji uanzishwe shule zote za kata na halmashauri iombwe kuweka mkono. Ushahidi ninao. Aprili na Mei, kabla ya uji, rejista imejaa sifuri za wasiofika shule. Julai na Agosti, baada ya uji, sifuri zimepungua. Nilichokosa ni chati ya rangi ya kuwafunga watu midomo.

Kijana akanipokea vizuri. "Shikamoo mama," kiti, maji ya kunywa. Amesomea takwimu, kwao Singida. Akafungua rejista, akazipekua taratibu kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake. Kisha akaniuliza:

"Mama, Aprili na Mei hapa Tanga kunakuwaje?"

"Masika, mwanangu. Kwani hukuwapo?"

"Na njia ya kwenda hiyo shule?"

Hapo nikanyamaza. Njia yetu inapita bondeni. Masika yakikolea, watoto wa darasa la kwanza wanabebwa mgongoni, na asiye na wa kumbeba anabaki nyumbani. Julai ni kipupwe, njia kavu, hata bibi anapita na ndala.

"Sasa mama, kilichowarudisha shule ni uji au ni jua?"

Sitaficha, nilikasirika. Nimetoka nyumbani na shilingi elfu thelathini na tano ya kazi hii, mtu ananiuliza habari za jua. Nikamwambia achore tu. Akakataa, kwa adabu, lakini akakataa. Nikalete rejista za miezi hiyohiyo ya mwaka jana, pamoja na za shule mbili za jirani ambazo hazina uji, za miaka yote miwili. Bila hizo, akasema, anaweza kunichorea picha nzuri sana ya mvua ikikatika.

Watoa huduma wengi mjini wangechora, wakachukua hela, wakanisindikiza mlangoni.

Nilipomuuliza shule zisizo na uji zinanihusu nini, akanitolea mfano wa Bagamoyo, na hapo akanigusa bila kujua, maana mama yangu mdogo ameolewa huko. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Serikali, walipotaka kujua kama kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha kwa masharti kunasaidia, hawakuanza nchi nzima. Walichukua vijiji 80 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Kura ikapigwa. Vijiji 40 vikaanza kupokea mwaka 2010, vingine 40 vikasubiri. Watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki, ndiyo masharti. Watafiti wakawa wanarudi kupima pande zote mbili, waliopokea na waliosubiri, kwa maswali yaleyale.

Sasa nikaelewa. Kijiji cha mama mdogo kilikuwa upande wa kusubiri, na kila nikienda nilikuwa nasikia, "Sisi tunaulizwaulizwa tu, tuna mbuzi wangapi, mtoto ameugua siku ngapi, halafu wanaondoka." Tuliona ni kusumbuana. Kumbe bila wao, hao waliopokea wasingekuwa na cha kulinganishwa nacho. Nikampigia simu hapohapo dukani kumweleza. Akasema, "Basi wangetuambia tulikuwa kipimo, tungejibu kwa heshima."

Kijana akaniongezea jambo ambalo ndilo nimelibeba zaidi. Katika vijiji vilivyopokea, mwanzoni watu walikwenda kliniki mara nyingi zaidi, lakini ilipofika mwisho wa kipimo safari zikawa zimepungua. Mtu mwenye haraka angesema mpango umefeli. Ila walikuwa wamepima pia siku za kuugua, na watoto wadogo wa kaya hizo walikuwa wanaugua siku chache. Kliniki wangekwenda kufanya nini? Kaya hizo zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, na zikaongeza mbuzi na kuku. Baadaye Serikali ikaupanua kuwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, huu tunaoujua wote. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia namba moja peke yake namwomba na ya pembeni yake.

Nikatumia siku nne kuzikusanya zile rejista kwa msaada wa afisa elimu kata. Siku ya tano umeme ukakatika tangu asubuhi, nikasubiri kwenye baraza la kahawa. Mzee mmoja pale, mpenda ubishi, akaniambia utafiti ni wa kula posho tu, haujawahi kumfaa mtu wa Tanga. Nikamuuliza kama anaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria. Nani wa umri wetu asiyeikumbuka? Unameza, usiku mzima unajikuna mwili, homa ikirudi unameza tena. Dawa ilikuwa imezoewa na vimelea, watafiti wakawa wanapima na kuandika mpaka mwaka 2001 nchi ikahamia dawa nyingine, SP. Nayo SP ikaanza kushindwa, na Muheza hapo, kwenye machungwa, ni mojawapo ya mahali ambapo vipimo vilionyesha imeshindwa sana. Mwishoni mwa 2006 ukaja mseto, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. SP ikabaki ya kinga kwa wajawazito. Marehemu mama yangu aliendelea kuficha klorokwini kabatini miaka, akidai mseto ni dawa ya kitoto kwa kuwa hauwashi. Mzee akacheka, akanilipia kikombe, lakini hakukubali. Akasema hiyo ni dawa, uji ni uji.

Umeme uliporudi kijana akafanya kazi yake, na hapa ndipo pazuri.

Alipolinganisha, sehemu kubwa ya lile ongezeko nililokuwa najivunia ikayeyuka. Shule zisizo na uji nazo zilipanda Julai. Hata mwaka jana, uji haujaanza, zote zilipanda Julai. Lakini baada ya kuitoa hiyo mvua, kuna kitu kilibaki shuleni kwetu: darasa la kwanza, la pili na la tatu. Hao walipanda kuliko wenzao wa jirani. Darasa la tano mpaka la saba, hasa wavulana, uji haukuwatikisa.

Akanigeuzia kompyuta nione mstari wa wavulana wakubwa, siku baada ya siku. Ulikuwa unaanguka, unapanda, unaanguka tena, kama mawimbi. Akasema amejaribu kuuelewa ameshindwa. Alidhani ni gulio, lakini gulio ni la kila wiki na huu unaanguka kila baada ya wiki mbili hivi. Mfanyakazi wake akasema labda ni siku za mitihani.

Nikautazama ule mstari, nikamwomba kalenda ya ukutani, ile yenye mwezi wa Kiislamu. Nikaweka kidole. Mwezi mosi na siku mbili tatu zinazofuata. Mwezi kumi na tano na siku zinazofuata.

"Bamvua," nikamwambia.

"Ndiyo nini, mama?"

Mtu wa Singida! Nikamfundisha. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Huku kwetu siku za bamvua maji yanakauka mchana mchana, saa nne, saa tano ya asubuhi, mwamba unabaki wazi, na mwamba ukiwa wazi ndipo pweza anachokolewa. Mtoto wa miaka kumi na tatu mwenye macho mazuri anarudi na pweza wawili watatu, na mnunuzi anamsubiri ufukweni na mizani. Saa nne hiyo mwalimu yuko ubaoni na sehemu za desimali. Maji yakiwa mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, mwamba haufunuki vya kutosha, wavulana wanarudi darasani. Nimeishi pwani maisha yangu yote, nimewanunua pweza hao hao, na sikuwahi kuliona jambo hili mpaka lilipochorwa na mtu asiyejua kuogelea.

Chati ile akaichapa upya, siku za bamvua amezitia kivuli. Ndiyo niliyokwenda nayo WDC.

Kikaoni mambo hayakuwa matamu kama ninavyoyasimulia. Nilikuwa nimepanga kuomba uji kwa shule zote, madarasa yote. Nikaomba kidogo: uji uanze na madarasa matatu ya chini, shule moja ya jirani ianze sasa na nyingine ifuate mwakani, ili tupate cha kulinganisha. Hapo mjumbe mmoja akanishukia, kwa nini mtoto wa shule moja anywe na wa nyingine atazame? Swali la haki kabisa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikinung'unika na mama mdogo kuhusu Bagamoyo. Nikajibu kwamba unga uliopo hautoshi shule mbili, mmoja atasubiri tutake tusitake, basi na tupige kura hadharani na tuandike tunachokiona. Nilisema, lakini sauti ilikuwa ndogo. La uji likaahirishwa, wazazi waulizwe kwanza.

La bamvua likapita siku hiyohiyo, maana halikuhitaji hela. Majaribio ya shule yasiwekwe siku za bamvua, na kamati ya ufukweni, BMU, izungumze na wanunuzi wasipokee pweza kutoka kwa mtoto saa za masomo. Kama wanunuzi watasikia, hilo nitalijua kwenye rejista. Wengine ni shemeji zangu, nawajua.

Sasa kasoro, kwa kuwa hii ni tathmini na silipwi kuisifu.

Kwanza, alichelewa siku mbili zaidi ya alizoahidi, na siku moja tu ndiyo ya umeme. Pili, chati ya kwanza aliichapa nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zote zikawa kijivu, nikamrudishia. Ukienda, sema mapema unataka rangi, na uliza bei yake, maana haimo kwenye ile elfu thelathini na tano. Tatu, jina la mtaa wetu alilikosea kwenye jalada. Flashi yake msiitie kwenye kompyuta ya ofisi, nasema hilo tu.

Ya nne ndiyo iliyonikera hasa. Nilipokwenda kuchukua kazi, mteja aliyenitangulia alipewa picha zake za pasipoti zimefungwa kwenye karatasi. Nikaitambua ile karatasi. Kopi ya rejista yetu, majina ya watoto yamepangwa mstari, na sifuri zao pembeni. Mtu anakwenda nayo nyumbani, anamsoma mtoto wa jirani ametoroka siku ngapi. Nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, hao ni watoto wa watu waliotuamini. Nilimpokonya yule mteja karatasi kwa mikono yangu, nikamfungia picha zake kwenye gazeti. Kijana akatahayari, akasema ni mfanyakazi. Nikamwambia duka ni lako. Kopi zote zilizobaki tulizichoma uani, mimi nimesimama.

Kwa hiyo ukimpelekea kazi yenye majina, mwambie atumie namba badala ya majina, na karatasi zako ondoka nazo siku hiyohiyo. Nimeona sasa anafanya hivyo bila kuambiwa, lakini wewe mwambie.

Anafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa anafunga saa sita mpaka saa nane. Kiti cha plastiki cha bluu usikikalie, mguu mmoja umeungwa kwa waya. Akikuuliza maswali kabla ya kuchora, usikasirike kama nilivyokasirika, na ukiwa na kalenda yenye mwezi nenda nayo, ya kwake ameshanipa mimi.

Nyota nne. Ya tano nimemwekea mpaka nione kabati lenye kufuli.