Mbu kwenye banda la kuku Lamu: kipi ununue kwanza, kipi baadaye, kipi uache

Mfugaji akiona mbu wamejaa bandani, mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo kuuliza dawa ya kupuliza. Kwangu mimi dawa hiyo inakuja karibu na mwisho. Kuku haumizwi sana na kule kuumwa. Kinachommaliza ni ndui ya kuku, ugonjwa wa virusi, na mbu ndiye anayeisambaza. Mbu akishamuuma kuku mgonjwa, virusi vyaweza kukaa kwenye mdomo wake kwa wiki kadhaa, akawa anavipanda kwa kila kuku anayemuuma. Baada ya mvua, mbu wanapozaliana, utaona magaga kwenye upanga wa kichwani, kwenye ndevu na pembeni mwa macho. Hiyo ya ngozi wengi huipona kwa wiki tatu au nne, ilimradi macho hayajazibwa wakashindwa kula. Ile ya mdomoni na kooni ndiyo inayoua, kwa sababu utando wa manjano huziba njia ya hewa. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Kwa hivyo pesa zako zipange kwa kuangalia ndui kwanza.

Kuna wanaosema kuku hawahitaji ulinzi kwa kuwa harufu yao hufukuza mbu. Maneno haya yana asili yake: mwaka 2016 watafiti wa Ethiopia na Sweden walichapisha kwamba mbu wa malaria aina ya Anopheles arabiensis humkwepa kuku. Lakini mbu anayetujazia nyumba hapa mjini usiku ni Culex, yule wa mashimo ya vyoo na maji machafu, na huyo hunywa damu ya ndege bila shida.

1. Chanjo ya ndui

Hii inunue kabla ya kitu kingine chochote. Hudungwa kwenye ngozi nyembamba ya bawa kwa sindano ya ncha mbili iliyochovywa kwenye chanjo. Vifaranga wengi hudungwa wakiwa na wiki sita hadi nane. Baada ya siku saba hadi kumi kunjua bawa uangalie: ukiona kivimbe au kigaga kidogo pale palipodungwa, chanjo imeshika. Usipoona kitu, irudiwe.

Tatizo la sisi wenye kuku kumi au kumi na tano ni chupa. Huuzwa ikiwa na dozi nyingi, mamia au hata elfu moja, na ikishachanganywa haifai kukaa zaidi ya saa moja au mbili. Basi zungumzeni mtaani. Watu wa Langoni au Mkomani wakichanga, wakapanga asubuhi moja na kumwita daktari wa mifugo, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo sana. Muuzaji muulize chupa imehifadhiwaje, na kama inavuka kwa boti kutoka Mokowe, isafiri kwenye chombo chenye barafu, isiwekwe juani. Chanjo iliyopata joto ni maji tu, na hasara yake hutaiona mpaka mvua inyeshe.

Chanjo naitanguliza mbele ya wavu kwa sababu moja kubwa. Aedes, yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, wakati kuku wako uani wanaparura. Wavu wa banda hauwezi kumzuia.

2. Wavu wa mbu

Waya wa kuku wenye matundu makubwa huzuia paka, na paka Lamu tunao. Mbu anapita. Unachotaka ni wavu wa madirisha, wenye matundu kama 16 hadi 18 kwa kila inchi. Nenda na rula, uhesabu palepale dukani.

Kwa upepo wetu wa chumvi, aina ya wavu ni jambo la kufikiria sana. Wa chuma uliopakwa zinki ni rahisi kununua, lakini ufuoni hushika kutu upesi, na mahali palipotoboka ndipo mbu wanapoingilia. Wa alumini ni afadhali, ingawa nao chumvi huula polepole. Mimi ningechukua wa faibaglasi: haushiki kutu kabisa. Udhaifu wake ni ulaini, kuku wataudonoa na panya watautafuna, kwa hivyo nusu ya chini ya banda iwe ya mbao au ukuta wa mawe, wavu uanzie juu ya vichwa vya kuku, na nje yake upigilie ule waya wa kuku kwa ajili ya paka.

Usifunge uwanja wote. Pima tundu wanamolala tu. Mita chache zinatosha. Chini ya makuti pana upenyo mrefu ambao watu huusahau, basi tandaza wavu kama dari. Madirisha yawe mapana na yaelekee upepo, maana wavu hupunguza hewa, na joto la mwezi wa tatu laweza kuua kuku haraka kuliko mbu. Mlango ufungwe kabla ya Magharibi.

Chandarua cha kliniki ni cha mama na mtoto. Hata kikichakaa, matundu yake yatakuwa makubwa mno.

3. Vifuniko na samaki

Hapa gharama ni ndogo. Kwenye joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa kama siku saba hadi kumi, basi chombo chochote kinachomwagwa kila wiki hakizai. Maji ya kunywa ya kuku yabadilishe kila siku. Okota vifuu vya nazi, makopo, na geuza mtumbwi mbovu ulale kifudifudi. Pipa linunulie kifuniko kinachobana. Mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2004 hapa Lamu ulitokea wakati wa ukame, na mbu walikuwa wakizaliana kwenye maji yaliyowekwa majumbani. Wazee wetu waliweka visamaki kwenye birika la chooni wale viluwiluwi vya mbu, na njia hiyo bado inafaa kwa tangi lisilofunikika.

4. Feni

Mbu ni mrukaji dhaifu, na feni ikipuliza pale kuku wanapolala humsumbua kweli. Ila waya za umeme zikae mbali na midomo ya kuku.

5. Dawa ya kupuliza

Nunua tu iliyoandikwa kuwa ni ya kuku, kwa kawaida yenye permethrini, na usome siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Puliza kuta kuku wakiwa nje. Isifike kwenye birika: huua samaki. Unga wa chawa na utitiri ni mzuri kwa chawa na utitiri, haulindi dhidi ya mbu.

Usivyonunua

Taa za rangi ya samawati zinazochoma wadudu huua zaidi nondo na wadudu wengine kuliko mbu, na mwanga wake huwanyima kuku usingizi. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo iache. Mapafu ya kuku hayastahimili moshi ndani ya tundu dogo, na cheche moja kwenye takataka kavu chini ya makuti yaweza kuchoma banda, nyumba yako na ya jirani.