Amplifaya ipi kwa spika zipi? Mwongozo wa kununua sinema ya nyumbani kwa bajeti ndogo

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: amplifaya ina wati 100, spika zimeandikwa wati 60, je, zitaungua? Namba hizo mbili peke yake hazisemi kitu. Spika za wati 60 zinaweza kudumu miaka na amplifaya ya wati 100 ikiwa mwenye rimoti ana masikio. Spika hizo hizo zinaweza kuungua kwa amplifaya ya wati 20 iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Hilo la pili lilinitokea sebuleni kwangu, na nikapoteza twita mbili, zile spika ndogo za milio mikali, kwa filamu moja. Amplifaya ikiishiwa nguvu, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, sauti huanza kukwaruza, na nishati nyingi ya milio mikali humiminika kwenye twita, ambayo koili yake ni ya uzi mwembamba kabisa.

Kwa hiyo kabla sijapanga michanganyiko mitano ya kununua, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, naomba tukubaliane jambo moja: chagua spika kwanza, halafu uzitafutie amplifaya. Kwa bajeti ndogo, mpangilio huo ndio unaookoa pesa, na sababu iko kwenye kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii kabisa.

Desibeli kabla ya wati

Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake huandikwa kipimo cha desibeli: 84, 87, 90. Kinaeleza spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiisikiliza kutoka mita 1 na kuipa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni wati 1 kamili. Mimi hukiita wepesi wa spika. Kila desibeli 3 zinazopungua hapo zinakudai wati mara mbili ili upate sauti ile ile. Zikipungua 10, unadaiwa wati mara 10.

Tupige hesabu. Umekaa mita 3 mbele ya spika mbili, na unataka mlipuko wa kwenye filamu ufike desibeli 95 masikioni mwako, sauti ya kutosha kuamsha nyumba nzima. Spika za desibeli 88 zitahitaji takriban wati 22 kila moja. Za desibeli 91 zitatosheka na wati 11. Za desibeli 82, zile ndogo nzuri za kupendeza macho, zitadai karibu wati 90 kila moja. Hapo sijahesabu msaada wa kuta, ambazo hurudisha sauti kidogo na kupunguza mzigo. Ukiweka akiba ukanunua spika nzito, yaani zenye desibeli chache, utailipa akiba hiyo kwenye amplifaya, tena kwa nyongeza. Nikitafuta spika za bajeti siendi chini ya desibeli 87.

Mtego mmoja tu hapa. Volti 2.83 kwenye omu 4 ni wati 2, siyo 1. Spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 90 kwa kipimo hicho, ukiipa wati 1 ya kweli, ni desibeli 87.

Omu ndizo zinazoua amplifaya

Omu zikipungua, mkondo wa umeme unaongezeka na amplifaya inachemka. Namba iliyo nyuma ya spika ni ya jumla, kwa kuwa ukinzani wenyewe hupanda na kushuka kadiri mlio unavyobadilika. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC haupaswi kushuka chini ya asilimia 80 ya namba iliyotajwa, yaani spika ya omu 8 isiende chini ya 6.4. Wapo watengenezaji wasiojali hilo. Resiva, yaani amplifaya za sinema ya nyumbani zenye njia (chaneli) kadhaa za spika, nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa spika za omu 6 kwenda juu. Ukizipa omu 4 kwenye chaneli zote tano na kufungua sauti, zitajizima zenyewe ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo transista zitaungua.

Resiva nyingi zina sehemu ya kuchagua omu kwenye menyu. Watu huiweka chini wakidhani wanailinda amplifaya, kumbe mara nyingi wanapunguza tu volti inazotoa, na kwa hiyo nguvu. Kama spika zako ni za omu 8, iache kwenye 8.

Wati za kwenye sanduku

Resiva moja inaweza kutangazwa kuwa na wati 70, 100 na 135 bila mtu kusema uongo. Ya kwanza imepimwa chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kwa milio yote kuanzia hezi 20 hadi 20,000, sauti ikiwa safi. Ya pili ni chaneli moja tu kwa mlio mmoja wa hezi 1,000. Ya tatu ni chaneli moja ikiwa tayari inakwaruza kwa asilimia 10. Marekani ililazimika kuweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974 kwa sababu ya michezo ya namna hii. Soma maandishi madogo, chukua namba ndogo kuliko zote, kisha kumbuka kwamba chaneli tano zikifanya kazi pamoja hata hiyo itapungua. Ukiona herufi PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua zisizo na kipimo cha maana, usiendelee kusoma.

Sasa mpangilio wenyewe, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Resiva iliyotumika na jozi moja ya spika nzuri za rafu

Hiki ndicho ningemnunulia mama yangu. Resiva ya chaneli tano iliyokwisha kutumika, yenye HDMI ya ARC, pamoja na spika mbili tu za omu 8 na desibeli 87 hadi 90. Usinunue tano. Spika mbili nzuri zina maneno yanayosikika na besi yenye mwili, wakati tano dhaifu hukuzungushia kelele chumba kizima na mazungumzo yakabaki ya kukisia. Iambie resiva kwamba hakuna spika ya kati, nayo itagawa maneno kwenye hizo mbili ili ukikaa katikati uyasikie yakitoka kwenye skrini. Ukipata pesa, ongeza spika ya kati ya familia ile ile ya watengenezaji, kisha sabufa, na za nyuma ziwe za mwisho. Amplifaya itakusubiri muda wote huo bila kubadilishwa.

ARC ilikuja na HDMI toleo la 1.4 mwaka 2009. Ndiyo inayorudisha sauti ya runinga kwenye resiva kwa waya ule ule mmoja. Ukikuta resiva ya zamani zaidi kwa bei ya kutupa, usiidharau. Waya wa mwanga bado unapitisha Dolby Digital, sauti ya filamu ya chaneli 5.1 (spika tano na sabufa), mradi runinga yako inakubali kuitoa hivyo kwenye mipangilio yake ya sauti.

Kabla ya kulipa, geuza resiva usome volti zilizoandikwa nyuma. Iliyouzwa Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na ukiichomeka kwenye umeme wa 220 au 240 haitadumu hata sekunde chache. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ni mzigo na gharama nyingine. Jaribu kila chaneli kwa spika moja, ukihamisha waya kutoka kishikizo hadi kishikizo. Zungusha kitufe cha sauti usikilize kama kuna mikwaruzo. Iache iwake nusu saa, kisha weka mkono juu yake: joto la kawaida sawa, la kukufanya uondoe mkono hapana. Uliza rimoti. Uliza pia maikrofoni ndogo ya vipimo, ile ya Audyssey kwa Denon na Marantz, YPAO kwa Yamaha, MCACC kwa Pioneer, kwa sababu ndiyo inayopima chumba na kulinganisha sauti za spika zako. Bila maikrofoni hiyo utapima umbali wa kila spika kwa futi kamba na kuujaza kwenye menyu mwenyewe, jambo linalowezekana kabisa.

2. Amplifaya ndogo ya stereo ya daraja D, na spika zile zile

Kama hutawahi kutaka spika za nyuma, hapa pesa inafika mbali sana. Daraja D ni aina ya amplifaya inayopoteza umeme kidogo kwa joto. Amplifaya hizi ni ndogo kama kitabu, hazipati joto sana, na nyingi zinatumia chipu za Texas Instruments kama TPA3116 au TPA3255. Nguvu yake haitoki kwenye maandishi ya kava. Inatoka kwenye adapta, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa umesimama dukani. Zidisha volti za adapta kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu za spika mara mbili.

Adapta ya volti 12 kwa spika ya omu 8: 144 gawa kwa 16, wati 9. Ya volti 24: 576 gawa kwa 16, wati 36. Hicho ni kikomo cha kifizikia cha sauti safi kwa amplifaya za aina hii, hata kama kava imeandikwa 2x100. Angalia pia ampea, maana adapta ya volti 12 na ampea 3 inatoa wati 36 kwa jumla, na amplifaya haiwezi kutoa zaidi ya inachopewa. Rudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo: spika za desibeli 88 zilihitaji wati 22, hivyo adapta ya volti 24 inatosha na ile ya 12 haitoshi.

Onyo moja. Kwenye amplifaya hizi, waya hasi za kushoto na kulia usiziunganishe kamwe, wala kuzigusisha na bodi. Kila spika inaendeshwa na waya zake zote mbili, chanya na hasi, na kuziunganisha hasi ni kuiua amplifaya.

3. Spika zenye amplifaya ndani yake

Hapa kazi ya kulinganisha imeshafanywa kiwandani, na kwa mtu asiyetaka kupiga hesabu yoyote ni chaguo la heshima. Tafuta zenye HDMI ya ARC ili rimoti ya runinga iongoze sauti. Nimeziweka ya tatu kwa sababu amplifaya ikifa umebaki na spika bubu, na kuongeza spika ya kati haiwezekani.

4. Resiva mpya na seti ya spika tano za bei ya chini

Resiva yenyewe haina tatizo, ina udhamini na teknolojia ya sasa. Tatizo ni kwamba ikishakula bajeti, spika tano zinagawana makombo. Ukiweza kuinunua mpya na bado ukabaki na pesa ya spika mbili nzuri, basi irudishe juu kabisa.

5. Homu thieta ya sanduku moja

Inavutia kwa sababu kila kitu kimo. Lakini spika zake mara nyingi ni za omu 3 au 4, waya zake zina plagi za pekee, na sabufa yake huendeshwa na amplifaya ya humo humo. Kifaa kikuu kikiharibika, wengi huchukua zile spika na kuzifunga kwenye resiva ya kawaida. Omu 3 kwenye resiva ya omu 6 ni kuibebesha mzigo mara mbili, na mafundi wanazijua vizuri resiva zilizokufa hivyo.

Kuhusu sabufa

Nunua yenye amplifaya yake ndani. Besi ndiyo inayomaliza nguvu, na ukiweka mpaka wa hezi 80 kwenye resiva, milio yote ya chini huhamia kwenye sabufa na spika zako kupumua. Resiva hufanya hivyo ukiandika kwamba spika ni "ndogo", hata kama kwa macho ni kubwa. Amplifaya nyingi ndogo za stereo zina tundu la sabufa lakini haziondoi besi kwenye spika kuu, kwa hiyo nafuu hiyo huipati.

Waya na spika zilizotumika

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita 10 na spika ya omu 8. Unapoteza takriban robo ya omu, basi. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukwangue kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, nunua mnene zaidi au uache.

Spika iliyotumika ipime kwa mita. Ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.6. Ikisoma sifuri, koili imeshikana. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha sukuma wufa, koni kubwa ya besi, polepole kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza ndani, koili imepinda. Angalia sponji inayozunguka koni, kwa sababu huoza kwa umri hata spika ikiwa haijatumika, na ukiigusa inabaki vidoleni kama majivu.

Ukishafunga kila kitu, cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza. Isikike katikati ya spika mbili, kama vile mtu amesimama pale. Ikisambaa bila mahali na besi ikawa nyembamba, umegeuza chanya na hasi kwenye spika moja. Zima amplifaya kwanza, ndipo ugeuze waya.