Darubini ya Mwezi kwa mkazi wa Dar: ipi ununue, ipi uiache dukani

Siku ya saba au ya nane tangu mwezi uandame, toka nje wakati wa Maghribi uutafute. Hutauona upande wa bahari wala upande wa Kimara. Uko juu utosini, au si mbali sana na utosi. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta, na Mwezi ukifika kilele cha safari yake haushuki chini ya nyuzi 54 kutoka upeo wa macho, mwaka mzima. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo linaloamua ununue darubini gani, na miongozo inayoandikwa Ulaya hailigusi, maana kule Mwezi mara nyingi hupita pembeni.

Kuwa nao utosini ni bahati. Mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo kabla ya kukufikia, kwa hiyo picha inatulia. Taa za mji hazina neno: Mwezi unang'aa kuliko taa zote za Kariakoo, kwa hiyo huhitaji kukimbilia Bagamoyo kutafuta giza. Kazi iko kwenye stendi. Darubini nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kutazama mbele, na ukizielekeza juu kabisa zinagoma.

Nilijifunza kwa hasara. Darubini yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525. Kioo chake kilikuwa na upana wa milimita 76, urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi pale picha inapokusanyika, milimita 700. Ile 525 wanaipata hivi: 700 wanagawa kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, inakuja 175, kisha wanazidisha kwa lenzi ya kuongeza mara 3. Hesabu ni sahihi, ila kioo cha milimita 76 hakibebi zaidi ya mara 150 hivi, yaani mara mbili ya upana wake kwa milimita. Ukipita hapo unakuza ukungu tu. Niliipandisha darini kwetu Tabata, na kila nilipogusa gurudumu la kufokasi Mwezi ulitetemeka kama unaouona kwenye maji ya ndoo. Mwanangu alipokuja kuchungulia akasema, "Baba, mbona giza?" Mwezi ulishatoka kwenye lenzi. Dunia inazunguka, na ukikuza mara 130, alama uliyoilenga inavuka lenzi yote kwa dakika moja na nusu hivi. Darubini isiyosogea taratibu na kubaki pale ulipoiacha haifai kuonyeshea familia.

Kwa hiyo muuzaji akianza na "inavuta mara ngapi", wewe uliza mambo matatu: upana wa lenzi au kioo cha mbele, aina ya stendi, na jicho langu litakuwa wapi Mwezi ukiwa utosini.

Nafasi ya kwanza: darubini ya kioo ya kuweka mezani, milimita 114 hadi 130

Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu anayeniuliza. Ni bomba fupi lenye kioo chini, limekaa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka, mtindo unaoitwa Dobson. Haina miguu mitatu wala mota. Unaisukuma kwa mkono, na ukiiachia inabaki. Mfano unaojulikana duniani ni Sky-Watcher Heritage 130P, yenye kioo cha milimita 130 na fokasi ya 650. Zipo pia za milimita 114, ndogo kidogo na nafuu.

Uzuri wake kwa Dar ni kwamba lenzi ya jicho iko ubavuni mwa bomba, karibu na mdomo. Mwezi ukiwa utosini bomba linasimama wima, na wewe unachungulia kwa ubavu, shingo imenyooka. Bibi wa miaka sabini anaangalia bila kupiga magoti.

Kioo cha milimita 130 kinatenganisha vitu vya chini ya kilomita 2 kwenye uso wa Mwezi, hewa ikitulia. Chukua Ngorongoro, kreta yenye upana wa kilomita 20 hivi. Ingekuwa Mwezini, ukaikuza mara 130, ungeiona na upana wa karibu robo tatu ya Mwezi mzima tunaouona kwa macho matupu. Na kule Ngorongoro ni kijishimo. Kreta ya Tycho ina upana wa kilomita 85, zaidi ya umbali wa kuvuka bahari kutoka hapa hadi mji wa Zanzibar. Clavius, kusini zaidi, inakaribia 230. Safari ya basi hadi Morogoro inaingia humo na nafasi inabaki. Ndani ya Clavius kuna kreta ndogo zilizopangika kama upinde, kuanzia kubwa hadi ndogo, na kuzihesabu ni mtihani mzuri wa darubini yoyote utakayonunua.

Udhaifu wake ni meza. Meza ya plastiki usiiguse. Mimi natumia kreti mbili za soda, moja juu ya nyingine, ya chini nimeijaza mchanga, juu ubao mzito wa mninga. Kama nyumbani kuna msingi wa zege wa tanki la maji wenye kimo kinachofaa, hapo ndipo penyewe. Ujue pia picha inakuja kichwa chini miguu juu, kwa hiyo ramani ya Mwezi igeuze nayo.

Nafasi ya pili: Maksutov ya milimita 90 hadi 102

Kwa anayeishi ghorofani, nafasi hizi mbili zinabadilishana. Maksutov ni bomba nene, fupi kama chupa ya chai, lenye kioo nyuma na lenzi iliyopinda mbele, na limefungwa pande zote. Hilo la kufungwa ni kubwa kwa mtu wa Msasani au Kigamboni, ambako upepo unakuja na chumvi. Kioo cha ndani hakilambwi na hewa ya bahari kama cha bomba lililo wazi. Sky-Watcher Skymax 102 ina fokasi ya milimita 1300, kwa hiyo lenzi ya jicho ya kawaida ya milimita 10 inakupa mara 130 moja kwa moja, bila lenzi ya kuongeza. Celestron C90 ni ya milimita 90 na fokasi 1250. Kwa ncha kali za milima na kuta za kreta, darubini za aina hii zinapendeza sana.

Nimeiweka ya pili kwa bei tu. Kwa pesa ileile unapata kioo chenye upana mdogo kuliko cha mezani, na mara nyingi bomba linauzwa peke yake, stendi ukatafute. Ukitumia stendi ya kamera iwe nzito kwelikweli.

Nafasi ya tatu: darubini ya lenzi, milimita 70 au 80

Hii ndiyo ile yenye umbo ambalo mtoto akiambiwa achore darubini ataichora. Ya milimita 70 yenye fokasi 900 inaonyesha vitu vya kilomita 3 hivi, na bahari zote (yale madoa meusi makubwa ya Mwezi), safu za milima na mamia ya kreta zinaonekana safi. Haihitaji marekebisho, inavumilia kubebwa kwenye bajaji. Tatizo ni lile la utosi: bomba ni refu, na likisimama wima sehemu ya kuchungulia inashuka katikati ya miguu ya stendi. Hakikisha ina kiwiko cha kioo cha nyuzi 90, kinachokukalisha ukiangalia mbele hata bomba likiwa wima. Kiwiko cha nyuzi 45 ni cha kutazama ndege na meli. Kwa Mwezi wetu kitakuvunja shingo. Kiwiko cha nyuzi 90 pia kinageuza picha kulia kwa kushoto, kama kioo cha ukutani. Ukishindwa kupata mbili za juu, hii inafaa.

Nafasi ya nne: darubini ya macho mawili, 10x50

Zile za watalii wa mbugani; 10x50 maana yake inakuza mara 10 na lenzi za mbele zina upana wa milimita 50. Ni za bei ya chini kuliko zote, na kwa mtu ambaye hajajua kama hamu itadumu, aanze hapa. Lala chali kwenye mkeka, egemeza viwiko kifuani, utaona bahari zote na kreta kubwa kama Copernicus. Kreta ndogo zilizo ndani ya kubwa hutaziona.

Kama una uwanja wako mwenyewe, Mbezi au Goba, na gari la kubebea, Dobson kubwa ya milimita 150 au 200 inazipita zote nilizotaja. Sikuiweka kwenye orodha kwa sababu wengi wetu tutaibeba mara mbili ngazini, ya tatu tutaiacha sebuleni.

Za kuacha dukani

Ya kwanza ni yoyote inayojitangaza kwa ukuzaji. Ya pili, na hapa wengi wanaumia, ni ya stendi ya ikweta, ile yenye mkono uliokaa mshazari na chuma cha uzito upande wa pili. Jina linadanganya. Mhimili wake lazima ulingane na mhimili wa Dunia, na kwetu mhimili huo umelala karibu sawa na ardhi, nyuzi 7 tu juu ya upeo wa kusini. Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi kulala kiasi hicho. Ukizilazimisha, chuma cha uzito kinagonga miguu. Nyota ya kaskazini inayotajwa kwenye maelekezo yake, kwetu iko chini ya upeo wa macho. Ya tatu ni darubini ya kioo ambayo bomba lake lina nusu mita hivi lakini imeandikwa fokasi 1000: ndani kuna lenzi ya ziada ya kurefusha fokasi, na kwenye za bei nafuu lenzi hiyo inaharibu picha.

Kabla ya kulipa

Omba muuzaji aitoe kwenye boksi, uilenge kwenye mnara wa simu au kuti la mnazi la mbali. Gonga bomba kwa kidole. Picha ikitetemeka zaidi ya sekunde tatu, stendi haifai. Pima shina la lenzi ya jicho: liwe na upana wa inchi 1.25, kama milimita 32, ndipo utaweza kununua lenzi nyingine baadaye. Likiwa kama milimita 24, umefungwa. Ukinunua kwa mgeni anayerudi kwao, na hapo ndipo bei nzuri nyingi zinapatikana, mulika kioo kwa tochi ya simu. Vumbi si tatizo. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo. Ukiagiza nje, jumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kuifurahia bei ya mtandaoni.

Ukikuta ndani ya boksi kichujio cha Jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe siku hiyohiyo. Joto la Jua linakusanyika hapohapo, kinaweza kupasuka, na jicho likiungua halirudi. Darubini isielekezwe kwenye Jua kabisa, na watoto waambiwe mapema.

Ikishafika nyumbani

Usiiweke chumba chenye kiyoyozi. Ukiitoa ikiwa baridi, hewa yetu yenye unyevu inaigeuza lenzi kuwa kama glasi ya soda, na utakaa nusu saa ukisubiri ukungu ukauke. Usiufute kwa pindo la khanga. Chembe moja ya mchanga inachora lenzi. Iache ikauke, ndipo ufunike, uihifadhi kwenye boksi linalobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Nunua kabla ya Juni. Masika ikiisha, Juni hadi Septemba anga linakuwa safi, ila upepo wa kusi unavuma, kwa hiyo jikinge na ukuta. Kwa usiku wa kwanza usisubiri mwezi mpevu: jua linaupiga usoni, vivuli hakuna, kila kitu kinakuwa bapa. Anza siku ya nne au ya tano tangu uandame, ukifuata mstari unaogawa mwanga na giza. Siku ya tano na ya sita utakutana na Theophilus, upana wa kilomita 100 hivi, na milima katikati yake. Siku ya nane tafuta Rupes Recta, ukuta ulionyooka kwa kilomita 110, unaonekana kama mstari wa kalamu. Siku ya tisa, Copernicus na Clavius.

Ukipata kreta iliyoko palepale mstarini, baki nayo saa nzima. Sakafu yake ni nyeusi tii. Halafu katikati ya weusi kinatokea kitone cha mwanga, kidogo kama kichwa cha pini: ni kilele cha mlima wa ndani kimeshika jua la asubuhi, wakati bonde lote chini yake bado ni usiku. Ita wa nyumbani waje wakione kinavyokua.