Kifuniko kinachoelea cha kupimia gesijoto kwenye matangi ya majitaka: maoni ya mtu wa zamu

Kabla ya kifaa hiki, ripoti yetu ya gesijoto ilikuwa hesabu ya mezani tu: chukua nitrojeni inayoingia mtamboni, zidisha kwa kiwango cha IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, basi. Na kiwango chenyewe kimebadilika sana. Mwongozo wa 2006 ulihesabu kwa watu, si kwa nitrojeni: gramu 3.2 za oksidi ya nitrasi, gesijoto inayotokana na nitrojeni ya majitaka, kwa mtu kwa mwaka. Maboresho ya 2019 yakayapandisha makadirio hayo kwa kiasi kikubwa sana. Kilo moja ya gesi hii ina nguvu ya kilo 273 za hewa ukaa kwa miaka 100, ndiyo maana nilishikilia tupime wenyewe.

Kifuniko hufungwa kamba kando mbili za tangi, kikakinga hewa inayopanda na mapovu, kisha mpira ukaipeleka kwenye mashine ya infraredi. Mashine husoma kila dakika, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Asubuhi majitaka yakija kwa wingi amonia hupanda, na mstari wa oksidi ya nitrasi nao hupaa. Usiku wa manane hushuka. Ukitegemea mfuko mmoja wa sampuli wa saa nne asubuhi, hujaupima mtambo, umepima saa nne. Tena tulipobana mno hewa tunayopuliza tangini ili kuokoa umeme, mstari ulipanda: bakteria wanaokula amonia wakipungukiwa oksijeni huitoa gesi hii kwa wingi zaidi. Bila kifaa hiki tungejipongeza kwa bili ndogo ya umeme.

Kero kubwa ni unyevu. Hewa hutoka tangini imejaa mvuke, ikipoa mpirani inakuwa maji, na mvuke huvuruga usomaji. Kikaushio kilichokuja nacho hakitoshi hata kidogo. Tumeongeza chupa ya kunasa maji, nayo hukaguliwa kila zamu. Kwenye sehemu zisizopulizwa hewa, lazima upitishe hewa safi chini ya kifuniko kwa kasi unayoijua, jambo ambalo kitabu cha maelekezo kimeligusa kwa sentensi moja. Methani inayovuja kwenye matangi ya kuozesha tope hakiioni kabisa.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Anayenunua aagize vifuniko viwili na vali ya kubadilishia, mashine moja itavihudumia vyote. Mwanzo wa tangi na mwisho wake havitoi gesi sawa.