Spesa za milimita 30 kwenye Prado 120: uzoefu wangu

Prado 120 ilitoka kiwandani na matairi yaliyozama ndani ya madigadi, na ukishaiinua kwa springi ndefu inaonekana kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Rimu zake za inchi 17 nazipenda, sikutaka kuziuza. Nikaamua kufunga spesa za aluminiamu, yaani bamba nene za duara zinazokaa kati ya rimu na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), milimita 30 kila gurudumu. Rimu hizo zina ofseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye habu) ya milimita +30, kwa hiyo sasa ni kama sifuri, na tairi limetoka nje kiasi kile nilichotaka.

Wengi wakinunua spesa huuliza unene tu. Mimi nilianza na tundu la katikati. Bolti sita kwenye duara la milimita 139.7 ziko kwenye magari chungu nzima, lakini habu ya Prado inataka tundu la milimita 106. Seti ya kwanza niliyoletewa, muuzaji aliapa kwamba ni ya Prado. Kuipachika tu, ikacheza. Unaisukuma kwa kidole gumba, upande wa chini mwanya unafunguka. Ikarudi ilikotoka siku hiyohiyo. Spesa isiyoshikwa na habu haikai katikati, na usukani utatetemeka hata ubalansi matairi mpaka uchoke. Ya pili iliingia kwa kubana, na upande wa nje ina ukingo wa kupokea rimu.

Kazi kubwa ya fundi ilikuwa kutu. Alisugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, maana gamba dogo tu la kutu linatosha kuifanya spesa ikae upande. Halafu kuna nati: zinazoshika spesa kwenye habu zina kichwa cha koni, zile za rimu asilia zina washa bapa. Usithubutu kuzibadilishana. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Mashine ya upepo haijui kiasi.

Baada ya kilomita 100 hivi nati hukazwa upya, na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Wanakaza nati za nje wanaondoka. Nati za spesa zimefichwa nyuma ya rimu, hivyo lazima magurudumu yote yavuliwe. Kwangu mbili zilikubali kuzunguka kidogo, zilizobaki zilikuwa imara.

Barabarani? Gari limeongezeka upana wa milimita 60 kwa kila ekseli na kwenye kona limetulia zaidi, ingawa lisikupe kiburi, bado ni gari refu. Spidomita haijabadilika kwa sababu tairi ni lilelile. Ila tairi la mbele likiingia shimoni, usukani unavuta mikono kuliko zamani. Ukikata kona mpaka mwisho, tairi lilikuwa linagusa plastiki ya ndani ya madigadi. Tuliipasha moto tukaikunja nyuma. Beringi nazo zinabeba mzigo zaidi, kwa hiyo nazisikiliza. Na tope! Linaruka hadi kwenye vioo vya pembeni.

Kama unabadilisha rimu hata hivyo, achana na spesa, tafuta rimu zenye ofseti unayoitaka moja kwa moja. Zangu zinabaki kwa sababu ya rimu hizi tu, na nimeshaagiza nyongeza za madigadi za kukinga tope.