Koseti ya plastiki kwa mgongo uliovunjika: imara, ila si ya kila mgongo

Mgema akianguka mnazini Malindi akashukia makalio au visigino, pingili inayovunjika mara nyingi ni ya pale mbavu zinapokwisha, baina ya T11 (pingili ya 11 ya kifua) na L2 (ya 2 ya kiuno). Koseti hii ya vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, ni ya hapo. Usiichanganye na mkanda wa kitambaa wa duka la dawa. Ule hubana kiuno, na mtu huinama nao apendavyo.

Kabla ya kutoa pesa, siti skani kwanza. Madaktari wengi huhesabu kwa TLICS, mfumo wa alama wa kupima uzito wa jeraha la pingili: pingili iliyobonyea alama 1, iliyopasuka 2, iliyoteleza 3, iliyochanika kwa kuvutwa 4. Huongezwa alama za neva na za kano za nyuma. Jumla ya 3 kushuka chini, hakuna haja ya kisu. Ya 5 na zaidi ni skrubu na vyuma. Ya 4 daktari na mgonjwa washauriane. Miguu ikilegea, mkojo ukiziba, au ganzi ikishika sehemu za siri, hiyo ni dharura, koseti iwekwe kando.

Kwa utengenezaji, haina lawama. Ukingo wa juu ushike kidari, wa chini uishie juu ya kinena, la sivyo mgonjwa akikaa plastiki itamkata mapaja. Huvaliwa kitandani: abingirishwe mabega na nyonga kwa pamoja, kipande cha nyuma kitangulie, kisha cha mbele. Akishasimama nayo apigwe eksirei. Pingili ikizidi kuinama, suala la upasuaji linarudi mezani. Muda ni wiki 8 hadi 12.

Bei ndiyo inayotia shaka. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2014 ulikuta waliopasuka pingili bila kuumia neva walipona sawa, wenye koseti na wasio nayo. Kwa hiyo anayeikosa asiuze mbuzi kabla ya kumuuliza daktari.

Adha yake kubwa ni joto la kaskazi. Vaa singlendi ya pamba ndani, ubadilishe kila inapolowa jasho. Wekundu usiofutika baada ya dakika 30 ni plastiki inayofinya: irudishe kwa fundi aichonge, usitie sponji, utaongeza mfinyo. Swala iwe kitini. Na wa Lamu anayevuka Mokowe kwa boti akae tezini. Omo ndiko kwenye vishindo.