Uzoefu wangu: kupeleka nyama ya dome maabara ya isotopu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipasua matumbo ya dome, wale ngisi wapana wenye kigamba cheupe mgongoni, nikitaka kujua wanakula nini. Mengi yalikuwa matupu. Mengine yalikuwa na uji tu, kwa sababu dome hammezi samaki mzima. Humega vipande vidogo kwa mdomo wake unaofanana na wa kasuku. Ndipo nikalipia kipimo cha isotopu thabiti (atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito na zisizobadilika zenyewe) kwenye maabara inayopokea sampuli kwa posta.

Maandalizi ni juu yako, na yanachosha. Unakata nyama ya mwilini, unaikausha kwa nyuzi 60, unaisaga iwe unga laini, kisha unapima kama nusu miligramu na kuifunga ndani ya kikopo kidogo mno cha bati. Tafadhali usiiweke kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli, igandishe. Wao wanakichoma kikopo kwenye tanuri la nyuzi 1,000 hivi, na gesi zake zinapita kwenye spektromita ya masi inayolinganisha atomi nzito na nyepesi.

Majibu yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nitrojeni 15, yaani nitrojeni nzito, hupanda kwa takriban sehemu 3 hadi 4 kwa elfu kila mnyama anapomla mwingine, na dome wangu wakubwa walikuwa juu ya wadogo waziwazi. Wadogo hula zaidi uduvi na kamba wadogo. Wakikua wanahamia kwa samaki, kaa, hata dome wenzao. Tumbo hukuonyesha mlo wa mwisho tu, ilhali nyama hutunza habari za wiki nyingi. Kaboni nayo hudokeza chakula kilianzia wapi, maana majani ya bahari yana kaboni 13 (kaboni nzito) nyingi kuliko mimea midogo inayoelea majini.

Ninachowasifia zaidi ni uwazi. Kila baada ya sampuli chache wanapima kitu ambacho thamani yake inajulikana, na namba zake unazipata zote kwenye ripoti. Wanakupa pia uwiano wa kaboni kwa nitrojeni. Ukiwa chini ya 3.5, mafuta ni machache na huna haja ya kusahihisha, kwani mafuta ndiyo huishusha kaboni 13 na kukupotosha.

Kasoro ilitokea kwenye midomo, ambayo nayo niliituma ipimwe. Ripoti ya kwanza iliipa midomo nitrojeni 15 nyingi kuliko nyama ya dome walewale. Nikashtuka, maana mdomo una kitini, ile dutu ngumu kama ya gamba la kaa, nayo huwa na nitrojeni 15 kidogo. Niliandika mara tatu kabla ya kujibiwa: safu mbili za trei zilikuwa zimebadilishana nafasi. Wakapima upya bila malipo, lakini asiyejua kitini angeichapisha ripoti ile.

Jingine linaloniuma: maelekezo yao hayasemi lolote kuhusu sampuli za msingi, yaani za wanyama wa chini wa kulinganishia. Bila kome au konokono wa eneo lilelile, huwezi kujua kama dome yuko juu kwa sababu ya mlo wake au kwa sababu maji yenyewe yana nitrojeni nzito. Hao nilituma baadaye, na posta nikalipa mara ya pili.

Nimewapa nyota nne. Boksi linalofuata liko tayari kwenye friza: ncha za midomo, zilizoota dome akiwa mchanga, na mbawa za midomo hiyo, yaani pande zake, zilizoota mwishoni, kila moja kwenye mfuko wake.